Dira Kwenye Mkanda wa Saa

Siku hizi neno dira tunalikuta kwenye hotuba kuliko baharini. Tulikuwa na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, makampuni yana dira na dhamira zilizobandikwa ukutani, na hata vikundi vya kuweka na kukopa huandika dira yao kwenye katiba. Watoto wengi wa mjini wanalijua neno bila kuwahi kukishika chombo chenyewe. Mimi nataka kuzungumzia chombo, tena kile kilicho kidogo kuliko vyote: dira ya ukubwa wa kifungo cha koti, inayopachikwa kwenye mkanda wa saa ya mkono na kuvaliwa na wapanda milima, askari, wapiga mbizi na wote wanaopenda kutembea porini.

Ukiiweka kiganjani unaona kikopo cha plastiki angavu kilichojaa kimiminika. Ndani yake kuna kisahani chembamba chenye herufi za pande nne za dunia, kimeketi juu ya ncha kali kama ya sindano, na sumaku imebandikwa chini yake. Mgongoni kuna vibanio viwili vya kuchomekea mkanda. Haina betri wala kitufe, na uzito wake ni wa gramu chache tu. Ukiinua mkono na kuusawazisha, kisahani hutikisika kidogo, kisha hutulia kikiangalia kaskazini.

Historia ya kidude hiki ni ndefu, na sehemu yake nzuri imepita kwenye bahari yetu. Ndiyo maana inaniuma kuona kwamba dira nyingi za namna hii zinazotufikia zimesawazishwa kwa ajili ya watu wa upande mwingine wa dunia, na wanaozivaa huku hawaambiwi.

Tuanze China. Karibu mwaka 1088 msomi Shen Kuo aliandika kwamba sindano ikisuguliwa kwa jiwe la sumaku, ikashikizwa kwa nta kidogo kwenye uzi mmoja wa hariri na kuning'inizwa mahali pasipo upepo, itaelekea kusini. Aliongeza jambo linaloonyesha jicho lake lilikuwa kali: haielekei kusini kamili, hupinda kidogo upande wa mashariki. Miaka thelathini hivi baadaye Zhu Yu akaeleza desturi ya waongoza vyombo wa bandari ya Guangzhou. Usiku walitazama nyota, mchana walitazama jua, na mawingu yakitanda waliitazama sindano.

Mwaka 1242 msafiri aitwaye Baylak al-Qibjaqi, akiwa katika bahari ya Mediterania, aliwaona mabaharia wakiielesha sindano ya sumaku juu ya kijiti ndani ya bakuli la maji. Alipokuja kuliandika jambo hilo mwaka 1282, alisema kwamba mabaharia wa Bahari ya Hindi walitumia samaki wa chuma mwenye uwazi ndani, anayeelea na kuonyesha kaskazini na kusini kwa kichwa na mkia wake. Miaka michache baadaye, karibu 1291, al-Ashraf Umar, ambaye alikuja kuwa sultani wa Yemen, aliandika namna ya kuunda bakuli la dira na kulitumia kutafuta kibla.

Hapo kwenye kibla ndipo hadithi inapoingia nyumbani kwetu. Mombasa na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, na tofauti yake haifiki robo ya digrii. Unguja na Dar es Salaam zimepishana na Makka kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya pwani ya Waswahili, anayeswali na mshale wa dira wanaangalia upande ule ule. Kiswahili cha wazee kilitumia neno kibla kwa maana ya kaskazini yenyewe, na mihrabu za misikiti iliyobaki magofu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zimetazama huko. Mtu wa London au wa Jakarta akitafuta kibla hana budi kupiga hesabu. Mtu wa Tanga hutosheka na mshale.

Mabaharia waliokuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi waliifanya dira kuwa chombo cha nyota. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, mahali panapoitwa leo Ras al-Khaimah, aliandika katika karne ya 15 kuhusu duara la dira lililogawanywa sehemu 32. Kila sehemu ilipewa jina la nyota kwa mahali inapochomoza au inapozama. Kaskazini ilikuwa ya Jah, ile nyota isiyohama, na nyingine zikafuata kuzunguka duara hadi kusini. Alitunga pia utenzi mrefu wa Kiarabu unaoeleza njia ya bahari ya kwenda Sofala, akipita kwenye bandari zetu. Hebu fikiria alichokabiliana nacho. Chombo kikishavuka ikweta kuja kusini, Jah huzama chini ya upeo wa macho. Nyota aliyoitegemea baharia tangu Maskati haipo tena, lakini sindano iliyomo kisandukuni bado inaielekea ilipo. Jina lenyewe la dira tumeshirikiana na mabaharia wa Ghuba, nao wanaliita hivyo hivyo.

Ulaya ilikuwa na dira ya baharini kabla ya mwaka 1200, na mchango wake mkubwa ulikuwa wa mafundi. Mwaka 1269 Mfaransa Petrus Peregrinus, akiwa kambini na jeshi lililouzingira mji wa Lucera kusini mwa Italia, aliandika barua kuhusu sumaku. Ndani yake alieleza dira isiyohitaji maji: sindano inayozunguka juu ya mhimili katika kisanduku chenye kifuniko angavu, na duara lililogawanywa digrii 360. Bila mhimili huo dira isingetoka kwenye bakuli, na bila kutoka kwenye bakuli isingefika mkononi mwa mtu anayetembea.

Ila mtu ninayemheshimu zaidi katika historia hii ni fundi wa dira wa London, Robert Norman. Aliona kero ambayo bila shaka mafundi wenzake waliiona pia. Sindano aliyoisawazisha vizuri kabla ya kuitia sumaku ilikuwa, baada ya kutiwa, inainamisha ncha yake ya kaskazini. Alikuwa akirekebisha kwa kuipunguza au kuiwekea uzito. Siku moja alikuwa na sindano aliyoihangaikia sana, akaikata mno, ikaharibika. Alikasirika, na badala ya kuitupa akaamua kuchunguza chanzo. Mwaka 1581 akatoa kitabu chake: sindano haielekei kaskazini tu, huinama pia kuelekea chini. Miaka 19 baadaye William Gilbert akaeleza kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa.

Mwinamo huo wa Norman ndio kiini cha ninachotaka kusema, kwa hiyo tuuelewe vizuri. Karibu na ikweta ya sumaku, mstari ambao katika bara letu unapita Ethiopia, sindano hulala sawa. Ukienda kaskazini, ncha ya kaskazini huinama. Helsinki huvutwa chini kwa zaidi ya digrii 70. Ukija kusini, huinama ncha ya kusini. Nairobi mwinamo ni zaidi ya digrii 20, Dar es Salaam ni zaidi ya 30. Hata Kampala, ambayo kwa ramani iko juu kidogo ya ikweta, kwa sumaku ni mji wa kusini.

Kwa karne tatu baada ya Norman dira ilibaki chombo cha merikebu, cha mfukoni na cha mpima ardhi. Burton na Speke walikuwa nazo walipotoka pwani mwaka 1857 kwenda Ujiji, wakitembea nyuma ya watu walioijua njia kwa miguu yao. Kilichoifikisha dira kwenye kifundo cha mkono ni vita, na saa ndiyo iliyotangulia. Mwishoni mwa karne ya 19 saa ya mkono ilikuwa pambo la wanawake, mwanamume alibeba yake mfukoni kwa mnyororo. Katika Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, maofisa wa Kiingereza waliokuwa juu ya farasi, hatamu mkono mmoja na silaha mkono mwingine, walianza kuzifunga saa zao mkononi kwa vifuko vya ngozi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, hakuna aliyemcheka tena mwanamume mwenye saa ya mkono.

Dira ilifuata njia hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1907 mchora ramani wa jeshi la Urusi, Vladimir Adrianov, alibuni dira ya kufungwa mkononi kwa mkanda wa ngozi, yenye alama zinazong'aa gizani na kilengeo cha kulengea kitu cha mbali. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba viwanda vya Kisovieti viliendelea kuitengeneza kwa miongo mingi. Upungufu wake ulikuwa wa dira zote kavu: sindano hucheza. Mtu anayekimbia au anayehema hawezi kusubiri mshale uache kuyumba huku na huko.

Jibu lilitoka Ufini. Tuomas Vohlonen, mhandisi aliyependa mchezo wa kutafuta njia porini kwa ramani na dira, alikerwa na mshale usiotulia. Mchezo huo ulikuwa umeenea sana katika nchi za kaskazini tangu mashindano ya kwanza ya wazi yalipofanyika Norway mwaka 1897. Dira zenye kimiminika zilikuwapo melini, lakini zilikuwa kubwa na nzito. Vohlonen alipata njia ya kuziba kimiminika ndani ya kikopo chepesi cha selulodi bila kuvuja, akapata hataza, na mwaka 1936 akaanzisha kampuni ya Suunto. Miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo ilikuwa dira ndogo ya mkononi. Alifariki mwaka 1939, mkewe Elli akashika usukani wa kampuni. Kimiminika kile hufanya kazi rahisi sana: huukokota mshale kidogo tu, kiasi cha kuuzuia usiyumbe, lakini hakiuzuii kugeuka. Atakayeishika dira kavu na ya maji kwa pamoja ataona tofauti kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

Vita Kuu ya Pili ikaieneza dira ya mkononi dunia nzima. Kampuni ya Panerai ya Firenze iliwatengenezea wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia saa na dira za mkononi zinazosomeka gizani chini ya maji. Usiku wa tarehe 18 Desemba 1941 watu sita wa jeshi hilo waliingia bandari ya Aleksandria wakiwa wamepanda vyombo vitatu vidogo, na kufikia asubuhi manowari mbili kubwa za Uingereza, Queen Elizabeth na Valiant, zilikuwa zimekaa kwenye tope. Wamarekani nao waliwapa askari wao wa miavuli dira ya plastiki yenye kimiminika iliyotengenezwa na kampuni ya Taylor ya Rochester. Walioangushwa Normandy usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944 walitawanyika ovyo mashambani, na wengi walikuwa peke yao gizani hadi walipowapata wenzao.

Lakini dira iliyo babu halisi wa ile ya kwenye mkanda wa saa ilivaliwa kwa siri. Desemba 1939 Uingereza iliunda idara iitwayo MI9 ili kuwasaidia mateka watoroke na walioanguka katika ardhi ya adui warudi kwao. Mafundi wake waliunda dira ndogo kiasi cha kuingia ndani ya kifungo cha sare, kiko au kalamu. Kifungo kilifunguka kwa kuzungushwa kinyume na mazoea. Mlinzi aliyekishuku, kadiri alivyokizungusha kwa namna ya kawaida, ndivyo alivyozidi kukikaza. Zilikuwapo pia nyembe za kunyolea zilizotiwa sumaku: mateka akiufunga uzi katikati na kuuning'iniza wembe, mwisho mmoja wa jina la mtengenezaji ulielekea kaskazini. Zaidi ya miaka 850 baada ya Shen Kuo, mtu aliyefungiwa kambini Ujerumani alikuwa akifanya yale yale ya uzi na kipande cha chuma, na maisha yake yakitegemea utulivu wa mkono wake.

Vita ilipokwisha, udogo ule ukahamia kwa raia, nazo dira za kuchomekwa kwenye mkanda wa saa zikawa mali ya kawaida ya wapanda milima. Miaka ya 1990 saa zenye kihisi cha sumaku zilianza kuuzwa, Casio na kisha Suunto, na tangu 2019 hata saa ya Apple ina dira ndani. Sizidharau. Ila zote zinaomba chaji, na nyingi huomba zirekebishwe kabla ya kuaminiwa. Dira ya mkandani haiombi kitu, na ubora wake mkubwa ni kwamba haisahauliki nyumbani, kwa sababu mtu hatoki bila saa.

Sasa niseme yaliyonipata. Dira yangu ya kwanza ya namna hii ilikuwa zawadi kutoka Ulaya, nami niliivaa kwa fahari kwenda msitu wa Magamba, juu ya Lushoto. Mchana ukungu ulishuka, ule ukungu wa Usambara unaomeza mti ulio hatua kumi mbele yako. Tulikuwa tumeketi kula. Tuliposimama kila mmoja alionyesha njia yake. Niliinua mkono: kisahani kilikuwa kimelala upande mmoja, ukingo wake umegusa kioo. Niligeuka nusu duara, nacho kikageuka pamoja nami. Kijana aliyetuongoza aliitazama kwa muda, akasema kwa upole, "Kaka, hiyo imekwama. Tufuate maji." Tulifuata kijito hadi tukasikia mbuzi, kisha watu.

Haikuwa mbovu. Ilikuwa imesawazishwa kwa ajili ya Ulaya. Kule ncha ya kaskazini huvutwa chini, kwa hiyo mtengenezaji huiongezea uzito ncha ya kusini ili kisahani kilale sawa. Ukiileta huku, dunia yenyewe inavuta ncha ya kusini, na ule uzito unaongezea. Dira kubwa yenye nafasi ndani inaweza kuvumilia kidogo. Hii ndogo haina nafasi, kwa hiyo hukwama. Watengenezaji wanalijua hilo tangu zamani na hutoa aina tofauti kwa maeneo tofauti ya dunia. Suunto huandika NH kwa kizio cha kaskazini na SH kwa cha kusini. Tatizo ni kwamba duka la mtandaoni hukuuzia ile iliyopo ghalani, na zile za bei ya chini huja bila alama yoyote.

Kuna jirani mwingine wa kuangaliwa, nayo ni saa yenyewe. Saa nyingi za mishale zinazotumia betri zina mota ndogo yenye sumaku, na saa za kimakanika zina vipande vya chuma. Dira ikikaa karibu na uso wa saa mshale hupotoka, na sumaku ya dira nayo inaweza kuitia usumaku kamani ya saa ya kimakanika hadi ikaanza kwenda mbio. Sogeza dira chini kabisa kwenye mkanda, upande wa ndani wa kifundo, au ivae mkono wa pili. Usiiweke kamwe pamoja na simu: sumaku ya spika inaweza kuugeuza mshale kabisa, kaskazini ikawa kusini.

Wala isibebeshwe kazi isiyo yake. Kwenye duara dogo kiasi hicho, kukosea digrii 5 ni rahisi, na digrii 5 katika kilomita moja zinakutupa kando mita 87. Digrii 10 zinakutupa mita 176. Haitakupeleka kwenye mlango wa hema. Itakuambia kama bado unashuka kuelekea mashariki ulikotoka, au kama baada ya kupumzika umegeuka bila kujua, na kwenye ukungu hilo ndilo swali lenyewe. Kwa zaidi ya hapo, beba ramani na dira kubwa.

Wengine watakuambia uache dira, utumie saa ya mishale na jua, kama vitabu vya skauti vinavyofundisha. Mbinu hiyo ni ya nchi za mbali na ikweta. Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi jua la mchana liko kusini yetu, miezi mingine liko kaskazini. Anayeifuata mbinu hiyo huku atapotea akiwa na uhakika.

Kwa hiyo ukiipata dira ya mkandani, ya kununua au ya zawadi, usiifunge mkononi kabla ya kuijaribu. Vua saa, weka simu mbali, shika dira sawa, kisha geuka polepole mzunguko mzima huku umekikazia macho kisahani. Kikizunguka huru pande zote, ivae. Kikigusa kioo hata mara moja, irudishe dukani na uombe iliyosawazishwa kusini.